Anayebaki Nyuma Ni wa Nani?

Jumapili alfajiri, waliotoka msikitini kuswali na wanaotaka kuwahi ibada ya pili kanisani hukutana mahali pamoja Kiwanjani, mbele ya duka ambalo bado halijafunguliwa. Ni saa kumi na moja na nusu, giza linaanza kuachia, na kila mtu anabonyeza gurudumu la mwenzake kwa kidole gumba kana kwamba ni daktari. Baiskeli zetu ni za mitumba. Moja bado ina stika ya shule ya huko Ujerumani, na mwenye nayo amekataa kuibandua kwa sababu anasema inaongeza kasi.

Hatuna ofisi wala cheti. Tuna grupu ya WhatsApp, pampu mbili, na fulana ambazo rangi yake ilitugombanisha wiki tatu. Juu kabisa kwenye maelezo ya grupu kuna maneno mawili ambayo mtu aliandika siku tulipoanza: Hatuachi mtu.

Nataka kuyazungumzia maneno hayo mawili, kwa sababu kuna Jumapili moja yalitushinda mara mbili, na mara moja kati ya hizo hatukujua hata kama tumeshindwa.

Kwa wasiopajua, Kiwanjani ni mtaa wa Isiolo uliopewa jina na kiwanja cha ndege. Leo kiwanja hicho ni uwanja wa kimataifa, uliofunguliwa na Rais Uhuru Kenyatta mwaka 2017, ingawa siku nyingi ndege tunaowaona juu yake ni wale wenye manyoya. Ukitoka hapa na baiskeli una njia mbili kubwa. Kusini ni kupanda kuelekea Subuiga na Timau, Mlima Kenya ukikuangalia. Kaskazini ni lami ya Moyale, uwazi, jua na upepo. Siku hiyo tulichagua kaskazini, hadi Archers Post kwenye mto Ewaso Nyiro, kama kilomita 35 kwenda na 35 hizo hizo kurudi. Nasema hizo hizo lakini si kweli. Kwenda, barabara inashuka kidogo kidogo bila kukuambia. Kurudi inapanda vivyo hivyo, mlima usioonekana kwa macho ila magoti yanaujua.

Tulikuwa watu kumi na mmoja. Tulipopita Ngare Mara, upande wa pili wa barabara alikuwepo mzee na Black Mamba yake, ile baiskeli nyeusi ya chuma ambayo imelea familia nyingi Kenya kuliko benki yoyote. Ameilaza chini, magunia mawili ya makaa yamefunguliwa kando, gurudumu la nyuma limetolewa. Alituinulia mkono. Na sisi tukamwinulia mkono. Mmoja wetu akapaza sauti, "Salama mzee!" Tukapita. Kusema kweli nilijisikia vizuri. Niliona sisi ni watu waungwana, tunasalimia watu njiani.

Archers tulikunywa chai, tukala chapati, tukapiga picha darajani, tukageuza. Kurudi, jua lilikuwa limeshakaa. Vijana wetu wa mbio wakaanza kuvutana, mmoja anaongeza, mwingine anajibu, na kundi likakatika vipande vitatu bila mtu kuamua likatike. Ngare Mara tulihesabiana. Kumi. Walio mbele walidhani Mwalimu yuko katikati. Sisi wa katikati tulidhani yuko na wa nyuma. Wa nyuma hawakuwepo. Wa nyuma alikuwa yeye.

Mwalimu hufundisha chekechea. Ilikuwa mara yake ya tatu kutoka nasi. Simu yake iliita mara mbili bila kupokelewa, kisha ikazimika. Wawili tulirudi kumtafuta, na kila kilomita niliyorudi ilinifundisha kitu kuhusu mdomo wangu, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiwashawishi watu wajiunge. "Njooni tu, hatuachi mtu."

Tulimkuta kando ya barabara chini ya mgunga, amekaa, rangi imerudi kidogo usoni. Maji yalikuwa yamemwishia, kichwa kikazunguka, miguu ikakataa. Kando yake alikuwa yule mzee wa makaa. Tairi lake alikuwa amelitengeneza, magunia ameyafunga tena, na alikuwa ameshaanza safari ya mjini ambako kulikuwa na mwenye hoteli anayemsubiri. Lakini alikuwa amemkuta Mwalimu ameinama juu ya usukani akitapika, akasimama. Alimpa maji kutoka kwenye chupa ya mafuta ya kupikia iliyooshwa. Halafu hakufanya kitu kingine chochote. Alikaa tu. Alisubiri naye.

Tulipofika alitutazama, akatazama fulana zetu, akasema, "Nilidhani hana watu."

Mwenzangu akajibu haraka, "Ana watu, mzee. Ni sisi."

Mzee akasema, "Haya." Akasukuma baiskeli yake, akaenda.

Hiyo "Haya" sijaisahau.

Jioni grupu iliwaka moto, na kijana wetu mwenye kasi kuliko wote aliandika kile ambacho wengine walikuwa wanafikiria tu. Kila mtu anaujua mwili wake, alisema. Ukijua hujajiandaa kwa kilomita 70, baki nyumbani au nenda za Kambi Garba na kurudi. Yeye anafanya mazoezi. Anataka siku moja kushindana. Akipunguza mwendo kila anapochoka mtu, atabaki kuwa bingwa wa Kiwanjani mpaka azeeke. Watu walimrushia maneno makali, lakini mimi nataka kumtetea kwanza kabla ya kumjibu, kwa sababu hoja yake si ya mtu mbaya.

Mashindano ya baiskeli ni chombo cha kuwaacha watu. Ndiyo kazi yake. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabara yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika, na sisi tuliyafuata kwa simu, tukipokezana bando. Katika mbio kuu za wanaume walianza zaidi ya 160, wakamaliza 30 tu. Vilima vya Kigali viliwachambua kama mchele. Hakuna aliyelia kwamba Tadej Pogačar, aliyeshinda, hakuwasubiri wenzake. Na Biniam Girmay wa Eritrea asingeivaa jezi ya kijani ya Tour de France mwaka 2024 kama angekuwa kila mara anageuka kuangalia nani amebaki. Ukitaka vijana wa kaskazini ya Kenya wafike huko, lazima kuwe na siku ambazo hakuna anayesubiriwa. Hilo nakubali.

Lakini hata katika mbio zile, watu husubiriana. Mwaka 2012, kwenye milima ya Alps, Chris Froome, ambaye alizaliwa Nairobi na kujifunza mambo ya baiskeli na David Kinjah pale Kikuyu, alikuwa anapanda La Toussuire kwa nguvu kuliko nahodha wake, Bradley Wiggins. Alichomoka. Kisha kwa redio akaambiwa apunguze. Akapunguza, akamsubiri. Wiggins alishinda Tour mwaka huo, Froome akawa wa pili, na ilibidi angoje hadi 2013 kuishinda yake.

Tumeibishana kisa hicho mara nyingi, na polepole nimeona kinachonisumbua ndani yake. Froome alisubiri, lakini hakumsubiri mnyonge. Alimsubiri mkubwa. Kule nyuma kabisa kulikuwa na waendeshaji waliokuwa wanapambana wasifike baada ya muda kwisha na kufukuzwa mashindanoni, na mwenye nguvu hakuambiwa na mtu yeyote awasubiri hao. Kumbe kusubiri peke yake si wema. Ofisini tunamsubiri bosi. Mkutanoni tunamsubiri mheshimiwa masaa matatu juani, na akifika tunapiga makofi. Sisi ni mabingwa wa kusubiri. Swali ni tunamsubiri nani, na kwa nini.

Basi kwa nini tumsubiri Mwalimu?

Jibu la kwanza ambalo watu hutoa ni lile la kulipana. Leo mimi, kesho wewe. Na kwenye baiskeli jambo hili lina hesabu kabisa: ukikimbia nyuma ya mwenzako, yeye ndiye anayeupasua upepo, na kwa mwendo wa kasi unaweza kuokoa robo ya nguvu zako au zaidi. Ndiyo maana watu hupokezana mbele. Ila ukiwa mkweli, hesabu hiyo haimwokoi Mwalimu. Yeye hana nguvu ya kukaa mbele ya kijana wa mbio akampasulia upepo. Anachukua, harudishi. Kama deni ni la kulipana tu, basi hatudaiwi naye chochote, na kijana wetu ameshinda mjadala.

Kuna msemo unaochapishwa sana kwenye fulana na kwenye kuta za ofisi, ule wa kwenda haraka peke yako na kwenda mbali na wenzako. Nao haunisaidii. Ukiusikiliza vizuri, unaniambia nichukue wenzangu kwa sababu mimi nitafika mbali. Wenzangu wamegeuka mafuta ya safari yangu. Na je, yule ambaye nikimchukua sifiki mbali?

Jibu la pili ni la ahadi, na hili naona lina uzito zaidi. Mwalimu asingetoka peke yake mpaka Archers Post. Angekuwa na wasiwasi wa jua, wa magari, wa kuwa mwanamke peke yake kwenye barabara ndefu. Alitoka na chupa moja ya maji kwa sababu kulikuwa na maneno mawili kwenye grupu. Maneno yetu ndiyo yaliyomfikisha pale chini ya mgunga. Kwa hiyo tulichofanya ni kibaya zaidi kuliko kukataa kumsaidia mtu. Tulimtoa kwake, tukampeleka mbali kwa kauli yetu, kisha tukaiondoa kauli tukiwa katikati ya njia. Waswahili wakisema ahadi ni deni, nadhani wanamaanisha hivi: mwenzako ameshatumia kile ulichomwahidi kabla hujakitoa.

Hapo kijana wetu alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kwa haki kabisa: basi tufute maneno yale mawili? Tuandike "kila mtu na mwili wake", na deni litakuwa limekwisha?

Tungeweza. Lingekuwa kundi la kweli zaidi kuliko tulivyokuwa Jumapili ile. Lakini kaskazini hii haijawahi kujengwa na watu wa namna hiyo. Mfugaji yeyote atakwambia kwamba boma likihama, mwendo hupangwa na ndama, na aliyezaliwa jana hubebwa. Katika Biblia, Yakobo alimwambia ndugu yake Esau atangulie, yeye atakwenda kwa mwendo wa mifugo na watoto, kwa sababu wakikimbizwa siku moja tu kundi lote litakufa. Imamu naye hufundishwa asiirefushe sala anapoongoza watu, maana nyuma yake kuna mzee, kuna mgonjwa, kuna mwenye shughuli. Hawa wote hawasemi kwamba aliye dhaifu atakulipa kesho. Wanasema kwamba anayeongoza kundi anaongoza kundi lote, na mkia ni sehemu ya mnyama.

Kabla ya lami hii kukamilika, malori ya kwenda Marsabit na Moyale yalikuwa yakiondoka Isiolo kwa msafara, askari wenye bunduki wakiwa juu ya mizigo. Fikiria lori moja linavunjika springi katikati ya nyika. Swali ni lile lile la kwetu, ila kwa bei ya maisha. Tunacheza mchezo wa Jumapili kwenye barabara ambayo wazazi wetu waliipita wakijiuliza kwa dhati: tukikwama, watasimama?

Hadi hapa nilidhani nimemaliza kufikiri. Nina ahadi, nina ndama, nina imamu na Yakobo. Kisha nikamkumbuka yule mzee akiinua mkono.

Sisi hatukumwahidi kitu. Hayumo kwenye grupu. Hajavaa fulana. Alikuwa na pancha na anahitaji solusheni na kiraka, vitu ambavyo vilikuwa ndani ya mifuko yetu sita au saba, na mkono alioinua haukuwa salamu. Alikuwa anaomba. Baadaye Mwalimu alituambia kwamba mzee alikaa pale zaidi ya saa nzima mpaka mwenzake mwingine wa makaa akapita na kipande cha raba. Sisi tulipita kumi na mmoja, na tuna sheria ya kutoacha mtu, na tulimwacha mtu. Ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyehisi kwamba sheria imevunjwa. Neno "mtu" katika kauli yetu lilikuwa limevaa helmeti.

Na angalia kejeli yake. Nani ni mwendesha baiskeli Isiolo? Neno boda boda, ambalo leo ni la pikipiki, lilizaliwa kwenye baiskeli, kule Busia, watu wakibebwa kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Baiskeli nchi hii ilikuwa ya kazi kabla ya kuwa ya mazoezi. Mzee anasafiri na magunia mawili kilomita ambazo sisi tunazipiga picha. Kama kuna mtu anastahili kuitwa mwanachama wa barabara ile, ni yeye. Sisi ni wageni wake.

Nasema haya nikijua ninaandika kutoka Isiolo, ambako neno "watu" lina historia. Mji huu ulikua baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, wakoloni walipowaleta hapa askari wastaafu Wasomali, juu ya ardhi ambayo tayari Waborana, Wasamburu na wengine walikuwa wakiipitia na mifugo yao. Waturkana, Wameru na wengine wakaongezeka. Enzi za mkoloni, kaskazini ilifungwa kwa sheria, ikabidi uwe na kibali kuingia au kutoka. Mpaka leo utamsikia mzee akisema anakwenda Kenya, akimaanisha Nairobi. Kwa hiyo tunajua vizuri jinsi inavyokuwa mtu mwingine kuchora mstari na wewe ukabaki upande wa pili. Na bado tumejifunza kuichora ya kwetu. Mwishoni mwa 2011 na mwanzoni mwa 2012 watu waliuawa katika mapigano ya kikabila hapa Isiolo, nyumba zikachomwa, na swali lililokuwa linaamua nani apite na nani asipite lilikuwa fupi: watu wako ni nani?

Ndiyo maana "Nilidhani hana watu" ilinikata. Mzee alimwona mwanamke peke yake, hakuuliza ni wa kabila gani wala kundi gani. Alidhani hana watu, na hiyo ikawa sababu ya kusimama. Kwetu sisi, mtu kutokuwa wetu ilikuwa sababu ya kupita.

Wanafalsafa wetu wametusifia sana umoja. John Mbiti, mwaka 1969, aliandika jinsi Mwafrika anavyojijua kupitia jamii yake, na tangu hapo kila hotuba inamtaja. Lakini jamii inaanzia wapi na inaishia wapi? Waborana wana desturi ya busa gonofa: mtu akifilisika mifugo, ukoo wake humchangia ng'ombe aanze tena. Ni desturi nzuri kuliko bima nyingi ninazozijua. Lakini ni ya ukoo. Mwalimu Nyerere aliliona tatizo hili mapema. Katika maandishi yake ya mwaka 1962 juu ya ujamaa alisema ile familia tunayoitambua lazima ipanuke, ivuke kabila, ivuke hata taifa. Ni rahisi kuandika. Kwenye lami, saa mbili asubuhi, kundi likiwa kwenye mwendo mtamu na upepo uko mgongoni, kupanua familia maana yake ni kushika breki.

Na sitaki kudanganya: huwezi kusimama kwa kila mkono. Kuna barabara ambazo mkono ulioinuliwa ni mtego, na mwenye watoto nyumbani hawezi kulaumiwa kwa kuogopa. Kuna siku utasimama kwa watu watano na usifike unakokwenda. Sidhani maadili yanatudai hivyo. Ila kuna kitu cha bei ndogo ambacho tulikuwa nacho na hatukukitoa, nacho ni swali. Kupunguza mwendo, kuvuka upande wa pili kwa macho angalau, kuuliza, "Mzee, kuna shida?" Kuuliza hakugharimu kitu ila kasi. Ukishauliza ndipo utajua kama unaweza au huwezi. Sisi tulijipa jibu bila kuuliza, tukaliita salamu.

Mwalimu alirudi wiki tatu baadaye. Nilifurahi, nikaanza kumhakikishia kwamba sasa tutamsubiri kila kilomita tano. Akanikata. "Mkinisubiri, msinisubiri vile mlivyozoea." Vipi? Akanieleza jambo ambalo miaka yote sikuwahi kuliona, kwa sababu mimi si wa mwisho. Kundi likifika mahali pa kupumzika, walio mbele wanashuka, wanakunywa maji, wanakaa dakika kumi. Wa mwisho akitokea, wote wanainuka: "Haya, amefika, twende!" Aliyechoka kuliko wote ndiye pekee asiyepumzika. Tulikuwa tunamsubiri, ni kweli, lakini mapumziko yote tulikuwa tunayala sisi. Kisha tunashangaa kwa nini kila mara yeye ndiye anayechelewa.

Hapo nilielewa tofauti ya kumhurumia mtu na kumtendea haki. Huruma ilikuwa imetutosha sisi, tukajiona wema. Haki ilihitaji tumuulize jinsi safari inavyoonekana kutoka nyuma.

Sasa mapumziko yanaanza kuhesabiwa anapofika wa mwisho. Mmoja wa wenye nguvu anabaki mkiani, kwa zamu, na zamu hiyo haikwepeki hata kwa kijana wetu wa mbio. Jumatano ana siku yake ya kukimbia na wenzake wenye kasi, bila kumsubiri mtu, na inajulikana wazi hivyo, hakuna anayeahidiwa kitu. Na kilomita kumi za kwanza Jumapili, Mwalimu ndiye anakaa mbele, anapanga mwendo. Hilo alilitaka mwenyewe. Alisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye amekuwa mgeni vya kutosha.

Tumejifunza pia kitu kuhusu zile kazi zetu za jamii. Tuliwahi kupanda miche kwenye shule moja, tukapiga picha nzuri sana, tukaondoka kwa kasi kama kawaida yetu. Baada ya wiki chache mbuzi walikuwa wamemaliza. Nilipokuwa nawaza habari ya Mwalimu niliona ni kosa lile lile. Katika ukame huu, mche ndiye mwanachama mwenye mwendo wa chini kabisa. Unataka mtu arudi na mtungi wa maji kila wiki, wakati hakuna kamera. Safari hii tumepanda michache, tumeizungushia miiba, na kuna ratiba ya maji. Miwili imekufa. Mingine iko.

Yule mzee tumemwona tena mara mbili. Mara ya kwanza nilisimama, nikajieleza, nikaomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama najua mtu mjini anayenunua makaa kwa bei nzuri. Sikujua. Sijui kama alinisamehe au kama kulikuwa na kitu cha kusamehe kwa upande wake. Pengine yeye amezoea kupitwa.

Lakini kwenye mfuko wa anayebaki mkiani siku hizi kuna pampu, solusheni, viraka, na tyubu moja ya 28, saizi ya Black Mamba. Haiingii kwenye baiskeli ya mtu yeyote katika kundi letu. Kijana wetu wa mbio ndiye aliyeinunua. Jumapili iliyopita ilikuwa zamu yake ya mkia, na nilimwona akiipima uzito mkononi, akiguna, kisha akaitia mfukoni tukaondoka.